Kilo Arobaini na Moja, Bwana Asifiwe

Ukifika Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, ukauliza kazi yangu ni ipi, hutaambiwa kwamba naandika programu za simu. Mjomba alikwisha kuwatangazia watu kwamba mimi ndiye yule kijana anayeongea na mizani, na kwa kuwa nimeonekana mara nyingi nyuma ya stoo ya kahawa nimepiga magoti mbele ya mizani, simu mkononi, nikinung'unika peke yangu, hakuna aliyembishia. Siku moja mama muuza sombe alinisogelea akaniuliza kwa upole kama hiyo mizani hunijibu. Nikamwambia hujibu, ila kwa kuchelewa, na mara nyingine hujibu swali la jana. Akatikisa kichwa. "Vumilia, mwanangu. Hata wangu alikuwa hivyo hivyo." Sikuthubutu kuuliza ni nani.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilitaka mkulima akishusha gunia, uzito utoke kwenye mizani uingie kwenye simu ya karani bila kupitia kwenye kalamu, kisha risiti itoke hapo hapo kwenye kile kiprinta cha mkononi cha karatasi ya milimita 58. Sababu anaijua kila aliyewahi kuteremsha kahawa kutoka milima ya Rwenzori: kati ya jicho la anayepima na daftari lake kuna kilo hupotea njiani, na haijawahi kusikika kwamba zilipotelea nyumbani kwa mkulima.

Programu niliijenga kwa Cordova. Wenzangu wa Kampala huniuliza kwa nini bado niko huko ilhali watu wamehamia Flutter na React Native, nami huwajibu kwamba simu za makarani wangu ni za zamani, msimbo ni wa zamani, na mimi mwenyewe sizidi kuwa mpya. Jina lenyewe ni la mtaa. Kampuni ya Nitobi ya Vancouver, Kanada, ndiyo iliyoanzisha kitu hiki kwa jina la PhoneGap. Adobe ilipoinunua mwaka 2011, msimbo ukakabidhiwa Apache, likatakiwa jina jipya, na hatimaye likachukuliwa la mtaa waliokuwa na ofisi: Cordova Street. Ingeanzia Kasese, leo tungekuwa tunajenga programu kwa Kilembe Road, na kila toleo jipya lingeanza kwa kuziba mashimo ya toleo lililopita.

Ndani ya Cordova, programu yako ni ukurasa wa wavuti uliofungiwa ndani ya simu. Unauandika kwa HTML na JavaScript, unapendeza, unabonyezeka, lakini hauwezi kuigusa mizani wala kiprinta peke yake. Anayeuvusha ni plagini. Aliyewahi kupitisha mzigo mpakani Mpondwe atanielewa upesi: JavaScript iko upande huu wa mto Lhubiriha, Java ya Android iko upande wa Kasindi, hawasikilizani, na katikati yupo wakala wa forodha anayejua kila meza inataka karatasi gani. Plagini ndiye huyo wakala. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2013, hata kamera na betri ziliondolewa kwenye kiini cha Cordova zikawa plagini, kwa hiyo siku hizi hakuna anayevuka bila wakala.

Plagini za Bluetooth za bure zipo tele. Tatizo ni kwamba mizani yetu ina maneno mengi. Haisubiri kuulizwa, ikiwashwa tu inamwaga mistari mfululizo, mara kadhaa kwa sekunde, kila mmoja wa namna hii: ST,GS,+0041.5kg. ST maana yake uzito umetulia. US maana yake gunia bado linayumba, usiamini. Sasa karani wa Bwera hatui gunia, hulirusha, halafu huliegemezea mguu ili lisianguke, na mizani huandika US, US, ST, US kwa wasiwasi mkubwa. Kilo za ule mguu nazo tulizikuta zikilipwa kwa bei ya kahawa daraja la kwanza. Ikabidi niandike plagini yangu mwenyewe, yenye subira ya kungoja ST ya kweli, si ile inayotokea karani anapovuta pumzi.

Hapo ndipo adha ilipoanza. Plagini ina kwao: folda yenye faili la plugin.xml linaloieleza ni nani na inahitaji nini, faili la Java na faili la JavaScript. Ukiiongeza kwenye programu kwa njia ya kawaida, Cordova haiitumii pale ilipo. Hunakili mafaili yake na kuyatawanya ndani ya programu, na lile la Java huishia mbali kabisa, ndani ya folda ya platforms/android. Tangu hapo una nakala mbili. Ukirekebisha ya nyumbani, programu haina habari. Lazima uiondoe plagini, uiongeze tena, ujenge upya, usubiri, usakinishe kwenye simu, ndipo ujue kama ile koma uliyoongeza imefaa kitu. Ukirekebisha nakala ya ndani, jibu linakuja haraka zaidi, lakini umeandika juu ya kitu ambacho Cordova inakihesabu kuwa chake, inaweza kukifuta na kukitengeneza upya wakati wowote bila kukubishia hodi.

Karibu kila mwandishi wa plagini ninayemjua hurekebisha ile ya ndani. Hujiapia kwamba jioni atairudisha nyumbani. Jioni umeme hukatika.

Mpwa wangu alikuja likizo kunisaidia, kijana mwepesi, kila kitu amejifunzia kwenye simu. Alikuwa ameokota mahali kwamba Cordova ikigoma dawa ni moja: unaliondoa jukwaa la Android kwa amri moja, unalirudisha kwa amri nyingine. Na ni kweli, dawa hiyo huponya mengi. Nilitoka kununua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, pale kona. Niliporudi nikamkuta amekunja nne, ametulia, kazi imekwisha.

"Anko, ilikuwa inaleta makosa mekundu mengi. Nimeisafisha."

Alikuwa ameisafisha kweli. Kazi yote ya kumfundisha wakala subira ilikuwa ndani ya platforms, na platforms ilikuwa imezaliwa upya asubuhi hiyo, haina dhambi wala kumbukumbu. Rolex nilikuwa nimenunua mbili. Nilizila zote.

Lakini hayo yalikuwa ya mezani. Adha kubwa ilikuwa ya barabarani, kwa sababu meza yangu ilikuwa Kasese mjini na mizani ilikuwa Bwera. Unajenga Kasese, unasakinisha, unafunga kompyuta, unakwenda stendi. Taxi ndogo za Bwera zinaandikwa watu wanne na dereva, na haziondoki mpaka dereva mwenyewe akose pa kukaa. Mnafika Kikorongo, karibu na ikweta, mnaiacha barabara ya Mbarara mnakata magharibi, mnapita Kinyamaseke, mnapita Kisinga, na njia nzima jirani aliyekukalia paja anakuhoji habari za ukoo wenu kwa utaratibu. Unashuka, unawasha mizani, unabonyeza kitufe, na skrini inakuandikia undefined. Neno moja, kwa herufi ndogo. Umesafiri zaidi ya kilomita 50 kulisoma, na unarudi nalo Kasese ukilifikiria, umekaliwa paja lile lile.

Ukiniuliza mimi, kasoro nzima ya kutengeneza plagini ni hiyo: mwendo kati ya kuandika mstari na kuona umefanya nini. Mwendo ukiwa mfupi, hata mtu wa akili za kawaida hufika. Ukiwa mrefu, unaanza kubahatisha, unabadilisha vitu vinne kwa pamoja ili safari isiwe ya bure, kisha programu ikipona hujui kipi kiliiponya.

Nikasema basi mizani ndiyo ije Kasese. Ushirika ulikuwa na moja tu ya namna ile, wakaniruhusu kuichukua Jumamosi jioni ili Jumatatu alfajiri iwe imerudi. Buti la taxi lilikuwa na matoke ya watu, kwa hiyo mizani niliipakata. Kabla hatujatoka Bwera dereva alikuwa amejipima. Kila tuliposimama kupakia mtu, alipimwa kwanza. Mama mmoja alimpima mtoto, akampima mbuzi, akarudia mbuzi kwa sababu hakuridhika, kisha akaniuliza ni shilingi ngapi. Tulipofika Kinyamaseke nikashuka kunyoosha miguu, mizani kifuani, begi la kompyuta begani, shati nimechomekea. Sikuwa nimefikiria nafanana na nani. Mizani za wachuuzi wa maharage zikaanza kuteremka chini ya meza, moja baada ya nyingine, bila kelele. Mzee mmoja akanijia na soda baridi.

"Karibu, mkubwa. Ya kwangu ilipigwa muhuri kabisa. Muhuri umefutwa na mvua."

Nikamwambia mzee, mimi si wa mambo ya vipimo, mimi ni mtu wa programu. Akanitazama kwa makini, akaenda, akarudi na chapati.

Nafuu ya kwanza ya maana ilitoka kwenye kineno kilichokuwa kimekaa kwenye maelekezo ya Cordova muda wote: --link. Ukiongeza kwa kineno hicho plagini iliyo ndani ya kompyuta yako, Cordova hainakili, inaweka kiungo kinachoelekeza kule kule kwao. Ukilifungua lile faili la Java kwenye Android Studio na kulirekebisha, umerekebisha la nyumbani. Mpwa wangu anaweza kuondoa jukwaa mpaka achoke. Ukigusa plugin.xml, mathalani kwa kuongeza ruhusa mpya, hapo bado itakubidi uondoe na kuongeza, kwa maana faili hilo husomwa siku ya kuingia. Na kwenye Windows viungo vya namna hiyo hutaka uwe msimamizi wa kompyuta au uwashe hali ya wasanidi. Kompyuta ilikuwa ya kuazima kwa shemeji. Neno la siri la msimamizi alilijua shemeji peke yake, naye alikuwa amelisahau tangu kabla ya harusi, akakumbuka tu kwamba lilikuwa jina la msichana. Dada yangu alikuwepo chumbani. Hatukuendelea na mazungumzo hayo, na kompyuta nikaja kutafuta nyingine.

Ya pili ilikuwa kuacha kuitegemea intaneti. Gradle, ambayo ndiyo hujenga programu za Android, hupenda kuchungulia mtandaoni kila mara kama kuna kipande kipya cha kupakua, na bando la mtu wa Kasese linaishia kwenye kuchungulia huko. Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima, ndipo wengi wetu tulipogundua kwamba Gradle ina hali ya kufanya kazi bila mtandao, mradi vipande vyote uwe umevihifadhi mapema. Siku zile mtaani kwetu mtu mwenye vipande kamili kwenye diski alisalimiwa kwa heshima.

Ya tatu ndiyo niipendayo zaidi: mizani ya bandia. Nilimwambia karani apime magunia yake kwa namna yake ya siku zote, asijirekebishe, na simu ikarekodi kila mstari uliotoka kwenye mizani. Nikachukua simu nyingine yenye kioo kilichopasuka, nikaiandikia programu ndogo ya kuimwaga mistari ile ile kwa Bluetooth, kwa mwendo ule ule. Kuanzia hapo, nikiwa mezani Kasese, nilikuwa na mguu wa karani ndani ya faili. Ningeweza kuuita saa sita za usiku, ukanyage gunia ambalo halipo, na kuona kama plagini inadanganyika. Wanaojifundisha kazi hii huwa wanatunga data safi za kujaribia, kilo 40, kilo 50, namba za duara zisizotikisika. Mimi nakushauri urekodi mtu mkorofi.

Hata hivyo yapo ambayo mizani ya bandia haiyajui, na kwa ajili ya hayo nilihamia Bwera kwa muda, barazani kwa mjomba, hatua chache kutoka stoo ya ushirika. Mkaza mjomba alinipokea vizuri na akaielewa kazi yangu kuliko wengi. Alitambua upesi kwamba feni ya kompyuta ikianza kulia, Gradle inajenga, na Gradle ikijenga mimi sina kazi. Basi feni ikilia tu, nasikia jina langu. Nimeteka maji kwa feni hiyo, nimechambua maharage, nimepeleka kuku kwa jirani na kurudi naye kwa kuwa si yeye aliyeagizwa. Programu ilipokuwa inajengeka upesi, bundu, ugali wetu wa muhogo, lilichelewa.

Ilikuwa hapo barazani nilipokutana na suala la ruhusa. Kwa simu za Android kuanzia toleo la 6 hadi la 11, programu ikitaka kutafuta vifaa vya Bluetooth vilivyo karibu, lazima iombe ruhusa ya kujua mahali ulipo. Google walifikiri, na si bure, kwamba anayejua vifaa vilivyokuzunguka anaweza kujua uko wapi. Android 12 ya mwaka 2021 ndiyo iliyoipa Bluetooth ruhusa zake mbali. Kamweleze hayo karani mwenye simu ya zamani, anayekaa hatua chache kutoka mpakani, mahali ambapo kahawa ina bei mbili na magunia mengine hutembea usiku.

"Hii mizani inataka kujua niko wapi ya nini?"

"Siyo mizani, bwana, ni simu."

"Simu si iko na mimi? Haijui iko wapi?"

Sikuwa na jibu la kumshinda. Alikwenda na simu yake bila kubonyeza chochote. Aliporudi ilikuwa imekwisha kubonyezwa Ruhusu, na baadaye nikaambiwa alikwenda kubonyezea mbele ya kanisa, ili kama itamwandika mahali, imwandike hapo.

Na kanisa ndilo lililotuletea siku kubwa. Wakulima wengi wazee hawakuwa wakiisoma ile skrini ndogo, hivyo ushirika uliomba simu isome uzito kwa sauti. Android inayo sauti ya Kiswahili, sauti ya mwanamke, Kiswahili safi cha darasani ambacho hakuna anayekiongea kati ya Kasese na Beni. Nikaiunganisha: plagini ikipata ST ya kweli, sauti inatamka kilo. Wazee walifurahi sana. Mmoja aliishukuru simu kwa Kikonzo, wasingya, akaiinamia.

Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba karani, Jumapili, ndiye anayepiga nyimbo kwenye ibada, kwa simu hiyo hiyo, kupitia lile spika kubwa la magurudumu la mhubiri. Simu ya Android ikishafahamiana na spika, spika ikiwashwa karibu inajiunganisha yenyewe, haikuulizi kama leo ni Jumapili. Ilikuwa siku ya soko. Wachuuzi wa Kasindi wamevuka tangu alfajiri, vitenge vimeanikwa, samaki wa Katwe wamepangwa, watu ni wengi, na mhubiri akaona neema ya kuhubiria umati. Akaliburuta spika lake hadi upenuni mwa stoo yetu, kwenye kivuli, akachomeka maikrofoni, akaliwasha.

Mimi nilikuwa ndani na kompyuta. Nilisikia mhubiri akipanda sauti, anaeleza siku ya hukumu, jinsi matendo ya kila mtu yatakavyowekwa hadharani yapimwe, na hakuna atakayeweza kuongeza wala kupunguza. Hapo akanyamaza kidogo, kama wahubiri wanavyojua kunyamaza. Na kutoka kwenye spika, juu ya soko lote, ikashuka sauti ya mwanamke, tulivu, Kiswahili sanifu:

"Kilo arobaini na moja nukta tano."

Soko likawa kimya. Kisha mtu mmoja huko nyuma akasema Amina, na wengine wakafuata. Mhubiri aliligeukia spika, akaligeukia anga, akaamua kuendelea. "Bwana asifiwe!" akasema, na kabla hawajamwitikia, sauti ikamtangulia: "Kilo thelathini na nane kamili." Mama mmoja mnene akaanza kuondoka taratibu, akijitenga na umati, asije akafikiwa yeye.

Karani hakuwa anasikia kitu kwenye simu yake, akadhani imeharibika, kwa hiyo akawa anapima gunia lile lile mara mbili mbili. Waliokuja kugundua kwanza ni walanguzi wa kahawa wa jirani, ambao masikio yao yako kwenye kilo daima. Walikaa kwenye mabenchi na vijidaftari, wakiandika tunanunua kiasi gani. Halafu akaja mzee aliyekuwa ameuza kwao wiki iliyopita, akasimama katikati ya ibada akauliza kwa sauti iweje gunia la jirani yake, wanalojaza kwa debe moja na kulifunga kwa kamba moja, hapa liwe na kilo 41 na kule kwao la kwake liwe na 35. Mhubiri akamwachia maikrofoni.

Dawa yake katika msimbo ni mistari michache. Unaiambia simu sauti hii itokee kwenye spika ya simu yenyewe, hata kama kuna nyingine imeunganishwa. Kwa --link, na mizani ikiwa hatua kumi na kitu kutoka barazani, niliandika, nikajenga, nikasakinisha, nikajaribu, na mkaza mjomba hakupata hata nafasi ya kunituma. Ushirika ulipoonyeshwa kwamba imerekebishwa, wakulima wawili watatu wakauliza kama inawezekana kurudisha ile ya kwanza.

Lililobaki ni la saa. Uganda iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu, Kongo ya mashariki kwa saa mbili, na kati ya saa hizo mbili kuna daraja unalolivuka kwa miguu. Karani wa fedha ana laini mbili kwenye simu moja, ya Uganda na ya Kongo, kwa sababu nusu ya watu wake wako Kasindi, na simu yake imewekwa ichukue saa kutoka kwenye mtandao. Mnara wa Kongo ukiipata kwanza, Bwera inarudi nyuma kwa saa nzima. Basi kahawa ikapimwa kwenye simu ya karani wa mizani saa 16:10, na malipo yakaingizwa kwenye simu ya karani wa fedha saa 15:15. Mhasibu wa Kasese alipofungua orodha akaona ushirika umelipa wakulima kadhaa karibu saa nzima kabla hawajaleta kitu. Akaitisha kikao, akataka fundi wa simu awepo.

Nilieleza kwamba tiba ni kuhifadhi wakati kwa milisekunde zinazohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970, hesabu ambayo ni moja pande zote za mto, kisha risiti zote zichapwe kwa saa ya Kampala. Mhasibu akaandika, akainua kichwa, akasema 1970 ni mapema mno, ushirika ulikuwa bado haujasajiliwa. Mwenyekiti akaomba twende kwenye mambo ya msingi: mwenye risiti ya kwanza kwenye orodha asimame afafanue. Akaita, "Bwambale!" Sasa kwetu Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, Bwambale ni mvulana wa pili, Masereka wa tatu, Masika msichana wa kwanza. Ukumbi karibu nusu ukasimama.

Aliyewahi kusema ni mzee wa mbele, risiti ameishika kwa vidole viwili isikunjike.

"Waheshimiwa, kila mwaka tunaomba malipo ya kabla, ya kununulia dawa na kulipia shule, na kila mwaka mnatuambia haiwezekani, kahawa lazima ipimwe kwanza. Hapa kwenye karatasi yenu imeandikwa nimelipwa saa tisa na robo, nimepima saa kumi. Kumbe inawezekana. Mimi naomba ya msimu ujao."

Akina Bwambale wakapiga makofi. Mwenyekiti akanongʼona na mhasibu kwa muda, mhasibu akanitazama mimi, na kwenye kumbukumbu za kikao ikaandikwa kwamba hoja ya malipo ya kabla imepokelewa, na fundi wa simu ataitolea ufafanuzi kikao kijacho.